Siku Kiwanja Kilipomwagiwa Maji

Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, kulikucha na baridi huku Chihembe, kijiji cha milimani juu ya Kibakwe. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu hata la kusingizia mvua, na upepo wa mashariki ulikuwa umeamka mapema kuliko watu, ukichota vumbi barabarani na kulitia kwenye masufuria ya uji.

Violeth Matonya alipiga magoti kando ya kitanda chake akaomba jambo moja tu. "Bwana, leo wakione kama kilivyo."

Alikuwa akiombea kiwanja cha ndege. Kiwanja cha Chihembe si kitu cha kumtambia mgeni: mita mia tisa za ardhi iliyosawazishwa, mawe yaliyopakwa chokaa kila upande, mfuko wa upepo juu ya mlingoti, na banda moja la bati upande wa mashariki. Hakina mnara wala redio. Ndege inayotua hapo ni ndogo, yenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Huleta madaktari wa macho na chanjo, na mara nyingine huondoka na mgonjwa ambaye barabara ingemmaliza njiani.

Violeth ndiye mtunza kiwanja. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mume wake, Cornel, miaka sita iliyopita, pamoja na daftari, sanduku la chuma na kipande cha nondo chenye urefu wa kiuno. Kila alfajiri hutembea toka bandani hadi mwisho wa magharibi, akidunga ardhi kwa nondo, huku akisali Baba Yetu. Kiwanja kizima ni Baba Yetu ishirini na mbili. Zaidi, mfanyabiashara kutoka Kondoa aliyehamia hapo na boza lake la maji, humtania kwa hilo kila wakikutana.

"Mama Fredy, wenzio wanapima kwa futi, wewe unapima kwa sala. Siku ukiwa na haraka na Mungu, kiwanja kitafupika."

Siku hiyo ndege ilikuwa inakuja na injinia kutoka Dodoma, mtu wa Mfuko wa Viwanja Vidogo. Chihembe walikuwa wameomba kitu kimoja: kifusi na mitaro kwa zile mita mia na hamsini za mwisho, upande wa magharibi. Hapo udongo ni mweusi. Kiangazi ni mgumu kama kigae. Ukilowa unakuwa mlenda. Na kwa kuwa upepo wa huku hutoka mashariki, ndege huja ikiutazama, na magurudumu hugusa chini hapo hapo kwenye udongo mweusi. Orodha ya Mfuko ilikuwa inafungwa Ijumaa. Injinia asiporidhika leo, wangesubiri miaka mitatu mingine, yaani masika matatu ya kukaa na wagonjwa wao na kuutazama mto ukijaa na kuwafungia barabara.

Kabla hajashika nondo, shemeji yake alibisha hodi. Gerson Matonya, kaka mkubwa wa Cornel, ndiye mwenyekiti wa kijiji.

"Shemeji, pikipiki inakusubiri. Nenda Kibakwe ukachukue sahani na vikombe vya kanisa. Hatuwezi kumpa injinia soda kwenye vikombe vya plastiki."

"Sijapita kiwanjani bado."

"Kiwanja kina miguu? Utakikuta."

Akaenda. Mwenyekiti akikutuma siku ya wageni, unakwenda.

Aliporudi ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Akaona kitu ambacho mwanzoni alikipenda: hapakuwa na vumbi. Upepo ulikuwa ule ule lakini haukuwa na cha kubeba. Wanawake walikuwa wamepanga viti bandani, na meza ndefu ilikuwa imetandikwa vitambaa vyeupe, juu yake kuku wa mchuzi, wali, karanga za kukaanga na maziwa mgando kwenye vibuyu.

"Vumbi limekwenda wapi?" akauliza.

Gerson alitabasamu kama bwana harusi. "Mgeni anapokelewa kwenye ua wenye vumbi? Mama yetu alitufundisha hivyo? Kabla mgeni hajafika unanyunyiza maji, unafagia. Tumenyunyiza."

"Wapi?"

"Hapa bandani kidogo, ila maji mengi ni kule magharibi atakapogusia. Ndiko kulikokuwa na vumbi jingi. Zaidi amepiga safari nne na boza toka saa kumi alfajiri."

Violeth alichukua nondo yake akaanza kutembea, na baada ya hatua chache akawa anakwenda mbio mbio, sala zikimtoka nusu nusu. Udongo mwekundu wa katikati ulikuwa imara. Baba Yetu ya kumi, imara. Ya kumi na tano, imara. Alipofika kwenye udongo mweusi, macho yalimwambia hakuna shida: jua na upepo vilikuwa vimekausha juu, pamekuwa laini na safi kama sakafu iliyosakafiwa jana. Akafika ya kumi na tisa. Kwenye "mapenzi yako yatimizwe" akadunga.

Nondo ilipasua ukoko, ikaingia kama kijiko kwenye uji, ikasimama kiganja chake kilipogusa ardhi.

Akadunga hatua tano mbele. Hivyo hivyo. Hatua kumi. Hivyo hivyo. Maji ya maboza manne yalikuwa chini ya ukoko ule, yamejificha.

Akatoa simu. Ujumbe wa Kapteni Abdulrahim, rubani, ulikuwa umeingia dakika chache zilizopita: "Tunaruka sasa. Tupo wawili. Saa nne kasoro robo tupo kwako." Akapiga. Namba haikupatikana. Akapiga tena akijua haitapatikana. Mtu akishakuwa angani simu haimfuati. Saa ilikuwa tatu na dakika thelathini na moja.

Ilibaki njia moja, nayo Cornel alikuwa amemfundisha kabla hata ya kumfundisha kujaza daftari. Kwenye sanduku la chuma kuna vitambaa viwili vyeupe, kila kimoja hatua nane. Ukivilaza chini vikapishana kama msalaba ulioinama, rubani yeyote duniani anajua maana yake: kiwanja kimefungwa, usitue.

Alirudi mbio bandani, akafungua sanduku. Lilikuwa tupu.

Hakuhitaji kuuliza. Aliigeukia meza, akaona pindo alizozishona kwa mkono wake mwenyewe zikining'inia chini ya sahani za wali.

"Shemeji," alisema, na pumzi haikumtosha, "chini kumelowa. Gurudumu la mbele litazama. Naomba vitambaa."

Gerson alimwangalia kana kwamba amemtukana. "Vitambaa vya nini?"

"Vya kufunga."

Wanawake wakaacha kupanga vikombe. Zaidi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya boza lake akichokoa meno, akasimama taratibu.

"Ukifunge," Gerson alisema. "Leo. Anakuja mtu wa kutupa kifusi, wewe umwandikie kwa herufi nyeupe kwamba kiwanja chetu hakifai. Halafu Ijumaa tufanye nini, tukaimbe?"

"Watu wawili wamo mle ndani."

"Mimi nimepita pale kwa miguu asubuhi hii. Pamekauka."

"Wewe si ndege."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Gerson hakucheka. Alisogea karibu, na sauti yake ikashuka hadi pale ambapo ni wao wawili tu waliosikia. "Ulishakifunga mara moja. Ulimfungia ndugu yangu. Hukutosheka?"

Hilo ndilo lilikuwa kati yao miaka sita yote. Masika ya mwaka 2018, Cornel alipopasuka kidonda cha tumbo, ndege ilikuja kumchukua, na Violeth akalaza vitambaa. Ndege ilizunguka ikarudi. Wakambeba Cornel kwa trekta, na akafa ukingoni mwa mto uliokuwa umejaa. Kile ambacho Gerson hakukijua ni kwamba Cornel mwenyewe, akiwa amelala kwenye machela bandani, jasho likimtoka, ndiye aliyesema: "Umedunga? Imeingia? Basi funga. Usimuue rubani kwa ajili yangu." Violeth hakuwahi kumwambia shemeji yake. Aliona kwamba mtu mwenye uchungu ukimnyang'anya wa kumlaumu, umemwongezea mzigo.

Hata sasa hakusema. Alishika ncha ya kitambaa cha kwanza, akakivuta. Sahani za kanisa zilianguka moja baada ya nyingine, wali ukamwagika chini. Alipofikia cha pili, Gerson aliweka mikono yake yote miwili juu yake, akaegemea kwa uzito wake wote, bakuli la kuku likitikisika katikati.

Mbali, nyuma ya mlima, mlio ukaanza. Ulikuwa mdogo kama wa nyuki kwenye chupa.

Violeth aliachia akakimbia na kile kimoja. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kanga ikimfunguka, akibeba hatua nane za kitambaa zilizojaa upepo, huku akijua kwamba kitambaa kimoja si msalaba. Kimoja ni mstari tu. Rubani angeweza kudhani ni pambo. "Bwana," alisema kila alipokanyaga, "Bwana, Bwana," na hakuwa na neno lingine la kuongezea.

Alifika, akakilaza kwa kukatisha, akapakia mawe ya chokaa kwenye ncha. Chokaa ilikuwa mbichi, ikamng'ang'ania mikononi. Ndege ilikuwa imetokea juu ya bega la mlima, ikigeuka kufuata mstari wa kiwanja.

Nyuma yake akasikia pikipiki. Zaidi alikuwa akija pembezoni kwa kasi, mkono mmoja kwenye usukani, kwapani amebana furushi jeupe lenye madoa ya njano.

"Nimemwambia mwenyekiti kuku atapikwa tena," alisema akishuka. "Shika huko. Mama Fredy, mimi mtoto wa Kirangi, babu yangu alikuwa anasomesha Kurani, leo umenibebesha msalaba."

"Vuta, mzee. Uinamie huku."

"Naomba tu asinione mtu wa Kondoa."

Walivuta, wakabandika mawe. Ndege ilikuwa imeshuka, pua juu kidogo, magurudumu yakionekana wazi, ikija moja kwa moja. Zaidi aliacha utani. Walirudi nyuma ya mstari wa mawe wakalala kifudifudi. Violeth aliona kivuli cha ndege kikipanda juu ya vichaka, kikiingia kiwanjani, kikiukaribia msalaba. Hapakuwa na cha kufanya tena. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasahau maneno ya Baba Yetu.

Injini ikanguruma. Upepo uliwapiga mgongoni kama mlango unaofungwa. Alipofumbua macho, ndege ilikuwa inapanda, ikivuka banda. Ilizunguka mara moja, juu, ikatikisa mabawa, ikaelekea kaskazini, Dodoma.

Walirudi bandani, Zaidi akikokota pikipiki.

Saa sita, mtandao uliokuwa umepotea uliposhika tena, ujumbe wa kapteni uliingia: "Tumeiona alama. Nakuja na injinia kwa gari. Saa kumi." Violeth aliusoma kwa sauti ili wote wasikie. Wanawake waliokuwa wakiokota vipande vya sahani walimpisha njia kama mtu mwenye ugonjwa.

Gerson hakupoteza muda. Aliwapanga vijana, wakabeba majivu na mchanga mkavu kwa ndoo, wakamwaga juu ya udongo mweusi na kusawazisha kwa migongo ya majembe. Kisha akamfuata Violeth aliyekuwa amekaa kwenye sanduku lake la chuma.

"Sikiliza, shemeji. Yaliyopita yamepita. Akiuliza kwa nini umefunga, sema ng'ombe walikuwa wanavuka."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa yeyote. Ng'ombe hawana mdomo. Ng'ombe ni bahati mbaya, kila kiwanja kina ng'ombe. Lakini ukisema tope, tena kiangazi, tena tumelimwaga wenyewe, tutakuwa kichekesho hadi Dodoma, na kifusi tutakisikia redioni." Akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. "Nakuomba. Siyo kwa ajili yangu. Masika yanakuja. Mwingine atalala kwenye machela kama Cornel alivyolala. Neno moja tu. Ng'ombe."

Hapo ndipo alipomwelemea kweli. Kuzomewa angeweza kuvumilia, lakini hili la machela liliingia. Violeth alikwenda nyuma ya banda, akapiga magoti kwenye kivuli chembamba cha bati. Aliomba aambiwe. Hakusikia sauti, hakuona ishara, upepo uliendelea tu kugonga kamba kwenye mlingoti. Alijiuliza kama uongo mmoja unaweza kuwa dawa. Akajiuliza na hili: rubani atakayetua Machi ijayo, akiamini kwamba Chihembe kinafungwa kwa ajili ya ng'ombe tu, atakuwa ameuawa na nani? Aliinuka akiwa bado anaogopa. Kama alijibiwa, swali lile ndilo lililokuwa jibu lake.

Gari lilifika saa kumi na nusu, limejaa vumbi hadi kwenye kioo. Wakashuka Kapteni Abdulrahim, mrefu, mwenye miwani ya jua, na mwanamke wa kama miaka arobaini, viatu vya kazi miguuni, faili mkononi. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama.

"Shikamoo, mama," mwanamke alimwambia Violeth kabla ya mtu mwingine yeyote. "Naitwa Dorothea. Wewe ndiye mtunza kiwanja?"

"Marahaba. Ndiyo, injinia."

"Nani alikifunga?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

Gerson aliingia kati, mkono tayari kwa salamu. "Karibu sana, injinia, pole kwa safari. Ni ng'ombe. Walivuka ghafla, unajua wafugaji wetu."

Dorothea alimpa mkono. "Mzee, mimi nilikuwa kwenye ndege. Sikuona ng'ombe. Niliona mchuzi."

Watu waliangua kicheko wasichoweza kukizuia, kisha kikakatika, kwa kuwa yeye hakucheka. Alikuwa bado anamtazama Violeth.

"Chini kumelowa," Violeth alisema. "Tulimwaga maji asubuhi kutuliza vumbi, ili mpokelewe vizuri. Juu pamekauka, chini ni uji. Hayo majivu utakayoyaona tumeyaweka mchana. Twende nikuonyeshe."

Hakusema nani alimwaga. Zaidi alikohoa. "Boza ni langu," alisema kwa mbali. "Niliambiwa nimwage, nikamwaga. Lakini boza ni langu."

Walikwenda wote, msafara kama wa mazishi. Kapteni alichukua nondo mikononi mwa Violeth, akachagua mahali mwenyewe, akasukuma. Ilizama hadi mkononi. Akavua miwani yake, akabaki ameangalia ule mkono wake uliogusa majivu.

"Gurudumu la mbele lingeingia hapa," alisema polepole. "Mkia ungekuja juu. Tungelala chali, na tanki limejaa." Akamgeukia Violeth, akamrudishia nondo kwa mikono miwili.

Dorothea alifungua faili. "Sasa mnisaidie. Fomu yenu hii hapa. 'Kiwanja kinapitika mwaka mzima. Hakijawahi kufungwa kwa sababu ya hali ya ardhi.' Imesainiwa na mwenyekiti." Akainua macho. "Mfuko unatengeneza viwanja vyenye shida. Aliyeandika hivi amekwenda hospitali akamwambia daktari haumwi. Kwa fomu hii ningewatoa kwenye orodha hata kama leo ningetua salama na kula kuku wenu."

Gerson alikuwa ameandika vile kwa kujivunia kwao, kama mtu anavyomvalisha binti yake nguo nzuri siku ya kuja wachumba. Haikuwahi kumjia akilini kwamba kuna mahali ambapo ni lazima uonyeshe kiraka.

"Kimeshawahi kufungwa?" Dorothea aliuliza.

Violeth alimkabidhi daftari. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa ule, kwa sababu ndiko lilikozoea kufunguliwa. Injinia akasoma kwa sauti, bila kujua alichokuwa anakisoma.

"'Tarehe 11 Machi 2018. Kimefungwa, udongo mweusi umelowa, nondo imezama. Mgonjwa: Cornel Matonya. Aliyelaza alama: Violeth Matonya. Kwa amri ya mtunza kiwanja.'" Akageuza ukurasa. "Mtunza kiwanja wakati huo alikuwa nani?"

Gerson alikuwa amesogea, akalichukua daftari bila kuomba. Alisoma akifuata mstari kwa kidole. Akausoma tena. Kidole kilibaki kwenye neno la mwisho.

"Alikuwa yeye," alisema. "Alisema yeye mwenyewe?"

"Alisema nisimuue rubani kwa ajili yake," Violeth akajibu.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unanihitaji mimi, shemeji. Ulihitaji mtu wa kumlaumu."

Gerson alikaa chini, pale pale kwenye majivu, mbele ya watu anaowaongoza. Zaidi akamshika bega.

Dorothea hakuharakisha. Alipoongea, aliongea kwa upole lakini hakurudi nyuma. "Sina uwezo wa kuwaahidi kifusi. Naweza kupeleka fomu mpya, ya kweli, pamoja na nakala ya ukurasa huu, kabla ya Ijumaa. Wenzangu ndio watakaoamua. Lakini kuna sharti, na sitaipeleka bila hilo. Mtunza kiwanja akifunga, hakuna wa kufungua. Asiwepo mwenyekiti wala mgeni wa kuvutana naye kitambaa."

"Tutasaini," mtu mmoja alisema nyuma.

"Sahihi zenu nimeziona. Nataka kusikia."

Gerson alinyanyuka. Alipangusa majivu kwenye suruali, akavua kofia. Jua lilikuwa limeinama na kivuli chake kilifika hadi kwenye msalaba uliolala chini, wenye madoa ya mchuzi katikati. Alimtazama injinia, akamtazama rubani, kisha akawageukia watu wa Chihembe ili sauti imfikie hata aliye mwisho.

"Mimi Gerson Matonya, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia, naahidi. Shemeji yangu akisema kiwanja kimefungwa, kimefungwa. Akija waziri, kimefungwa. Siku ikiwa ni mimi niliyelala kwenye machela, nikawaomba, nikalia, kimefungwa, na nyinyi mtanibeba kwa barabara."